Wifi na Nyoka wa Makumbusho

Milwaukee, 6 Oktoba

Mdogo wangu Norbert,

Nakusalimu kabla kahawa haijapoa, maana ikipoa nami nanuna, halafu utapata barua ya kununa. Hapa sijambo, ila goti ndilo lenye maneno. Socorro, mpangaji wangu wa chini, amepaka ngazi rangi ya limau bila kuniuliza. Wapita njia wanadhani tumefungua duka la aiskrimu. Mwanao Todd ameniletea kadi kutoka Denver, mwambie nimeiona. Msalimie na Kluski. Mwambie mbwa aliyezaliwa jangwani hajui utamu wa kubingirika kwenye majani makavu ya Oktoba.

Sasa nisikilize. Makumbusho yetu ya zamani yanafungwa mwisho wa Februari. Jengo jipya linajengwa, vitu vitahamia huko, lakini si vyote. Ule mtaa wa kale uliojengwa humo ndani, wenye taa na bibi wa kiti cha kubembea, hauhami. Kuhusu wale wawindaji wa nyati wa sanamu, walio nyuma ya kioo na nyoka wao, nilimuuliza mlinzi, akanipandishia mabega tu.

Wakiachwa wale, na nyoka wa Baba ameachwa. Unakumbuka alivyotuapisha? "Kitufe hiki ni cha ukoo wetu. Asijue mtu." Nimekuja kugundua uzeeni kwamba kila baba wa mji huu amewaapisha wanawe vivyo hivyo, na kila familia inaamini ni yake peke yake ijuayo pa kubonyeza ili nyoka atikise njuga za mkiani. Haidhuru. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Sitaki kwenda kumuaga peke yangu, Norbert. Njoo kabla hawajafunga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na usinipigie simu, maana kwenye simu mimi sisikii na wewe husemi. Andika.

Dada yako,
Leona


Tucson, 29 Oktoba

Dada Leona,

Barua imefika na doa la kahawa, kwa hiyo najua uliwahi. Sisi wazima. Joto limepungua, sasa unaweza kushika usukani asubuhi bila kupiga kelele. Kluski kasikia salamu zake akajinyoosha. Mke wangu Marlene naye anakusalimu, ingawa barua yako ilimruka kama dimbwi ikaenda kutua kwa mbwa. Nimezoea.

Kuhusu kuja, tutaona. Safari za siku hizi zina mambo, na paa letu linataka kuangaliwa. Usikasirike.

Ila nakuomba kitu. Lile jumba la sanaa la ziwani, lenye mabawa, lilijengwa sisi tumeshahama. Nenda ukalitazame uniandikie. Andika polepole, kama mtu anayetembea bila haraka, na usiache vitu vidogo.

Ndugu yako,
Norbert


Milwaukee, 12 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Todd, kwa Kluski na kwa hilo paa lako linaloumwa. Hapa baridi imepiga hodi na haikungoja kukaribishwa. Ijumaa tulikula samaki wa kukaanga ukumbini kanisani, na padri mpya kaweka chumvi kabla ya kuonja. Hatadumu huyo.

Kwani mimi ofisi ya utalii? Mtu ana macho mawili na mji ni wake, anataka aandikiwe! Lakini nimekwenda. Socorro alinipeleka. Njiani akaniuliza, "Mama Leona, umezaliwa hapa na hujawahi kuingia mle?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Miaka yote hiyo?"

"Ukoo wetu mkubwa," nikamwambia, akacheka mpaka taa ikawa kijani na watu wakatupigia honi.

Basi naandika kama ulivyotaka. Socorro aliegesha gari karibu na maji. Ziwa lilikuwa linatoa mvuke, maana lenyewe bado lilikuwa na joto kidogo na hewa imeganda, kwa hiyo mvuke ulikuwa unatembea juu ya maji kama watu wanaotoka misa. Jumba ni jeupe. Tulisimama nje, kola zimepandishwa. Ilipofika saa sita mchana yale mabawa yakaanza kushuka, polepole mno, bila sauti, hata ukatilia shaka kama ni yenyewe yanayokwenda au ni wewe. Yakajifunga. Yakakaa. Halafu yakafunguka tena. Norbert, nilisikia kama jengo limevuta pumzi, na nikajikuta nami nimevuta. Mwanamke mmoja karibu yetu alikuwa analia bila sababu. Socorro akampa karatasi ya kufutia.

Ndani kuna sakafu inayong'aa, na dirisha kubwa linaloangalia ziwa, unahisi umo ndani ya meli isiyokwenda popote. Nilikaa pale nikasahau goti.

Haya, nimeandika. Sasa njoo.

Leona


Tucson, 3 Desemba

Dada,

Salamu. Sote salama. Barua yako imesomwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, nimeiunga kwa gundi ya karatasi. Pale jengo lilipovuta pumzi palikuwa pazuri sana. Ukiandika tena weka na pumzi.

Sasa tuingize kwenye makumbusho. Ule mtaa wa kale, taa zake bado zinawaka vilevile? Bibi bado anabembea? Duka la pipi? Na, utanicheka, nyoka yupo?

Kuja, bado tunaangalia.

Norbert


Milwaukee, 14 Desemba

Mdogo wangu Norbert,

Salamu kwa wote wanaostahili. Ndani ya bahasha nimekuwekea mkate mwembamba wa mkesha wa Krismasi, nimeumega pembeni kwa mkono wangu na kukutakia afya kama Mama alivyotufundisha. Mweupe ni wako. Wa waridi ni wa mnyama, kwa hiyo mpe Kluski. Sikuweka mwingine.

"Nyoka yupo?" Umeanza kuchekesha. Wewe umekibonyeza kitufe kile mpaka Baba akakuvuta kwa kola. Tangu lini unaniuliza kitu unachokijua? Lakini nimekwenda, kwa kuwa siku hizi wewe ukisema nami naamka kutafuta koti.

Nje ilikuwa asubuhi ya theluji. Unaingia ule mtaa, na mara moja ni jioni. Kule ndani daima ni jioni. Mawe ya barabara yana unyevu wa uongo. Taa za gesi zinapepesuka, madirishani kuna mwanga wa watu walioketi mezani, husikii wanachosema lakini unajua chakula kiko tayari. Watu wakiingia wanashusha sauti wenyewe. Bibi wa sanamu yuko barazani kwake, anabembea. Nilimpungia mkono. Nilisimama mpaka nikasahau kwamba kuna mahali natakiwa kurudi, na ingekuwa si Socorro kunishika kiwiko ningekuwa hapo mpaka sasa, nangoja Mama atuite.

Kisha nikaenda kwa wawindaji. Farasi bado wako hewani, nyati bado wanaanguka na hawajafika chini. Nilipeleka mkono pale kwenye kona, chini, kushoto. Akatikisa njuga. Nyoka yupo, Norbert.

Na nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka yule msichana wako wa Sheboygan, siku ulipomleta mara ya kwanza. Ukamwambia, "Kuna nyoka hapa, mtafute." Kitufe cha Baba kiguswe na Mjerumani! Nikasimama mbele yake, koti langu limetandazwa kama pazia, na yeye akazunguka kioo kile mara ngapi, pua imegusa, hakupata kitu. Nilikuwa sawasawa siku ile na niko sawasawa leo. Mtu aliyekuja kumchukua ndugu yangu akampeleka jangwani kwa ajili ya kifua chake yeye kinachotaka hewa kavu, na mimi nikabaki na Mama, hakustahili hata mlio wa njuga.

Krismasi njema.
Leona


Milwaukee, 10 Januari

Norbert,

Krismasi imepita. Sikukuu ya Wafalme Watatu imepita, nimeandika herufi zao kwa chaki juu ya mlango. Kimya. Umekasirishwa na maneno yangu, au umekufa? Kama umekufa mwambie Todd aniandikie.

L.


Tucson, 20 Januari

Dada Leona,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sijakasirika. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuitia kwenye pipa la taka, kwa hiyo leo naandika bila kuisoma nyuma.

Marlene ana ugonjwa wa kusahau. Sio wa jana. Kabla hata hujaniandikia habari za makumbusho tulikuwa tumejaribu kuja huko kukushtukiza. Tulifika mpaka uwanja wa ndege. Alipoona umati alinishika shati akalia, akadhani nampeleka kumwacha. Tukarudi. Ndege haiwezekani tena, gari haiwezekani, na simu ikilia anajificha bafuni. Mimi ananiita bwana, kama mtu asiyemjua. "Asante, bwana, supu nzuri." Siku nyingine ananiita kwa jina la baba yake. Joto limewaka nje, yeye kasimama mlangoni na skafu, anasema tuwahi kabla theluji haijafunga njia.

Sikukuambia kwa sababu Mama ulimuuguza peke yako mpaka mwisho, nami nikiwa huku nachoma nyama kwenye bustani. Nilikuwa na uso gani wa kukulilia wewe?

Lakini sikiliza. Jioni namsomea barua zako. Nikifika "Socorro aliegesha gari" anavua ndara, anavaa viatu vya kutokea. Tunakwenda. Pale mabawa yanapofunguka anavuta pumzi, Leona, kila mara, kama ulivyoandika. Kwenye ule mtaa wa jioni ndiko anakokaa siku hizi, anausimulia hata mbele ya ulipoishia wewe, nyumba kwa nyumba. Na kila siku lazima aulize, "Nyoka yupo?" Namwambia yupo. Ananiangalia kwa huruma. "Bwana, usiwe muongo. Mimi nimezunguka kioo chote."

Sehemu ile ya koti sikumsomea. Niliikunja nikaiweka kando.

Mkate wa Krismasi tumemega wote wawili, ule wangu. Kluski alikula wake kwa heshima zote.

Daktari anasema baada ya muda hata barua hazitamfikia. Anataka nyoka tu, dada, na sijui nimpe vipi.

Norbert


Milwaukee, 28 Januari

Norbert, Norbert,

Leo sina salamu. Nimechana barua mbili, moja ya matusi na moja ya machozi. Hii ni ya tatu, ichukue ilivyo.

Mficha uchi hazai. Hukujua mimi nani? Nimemwogesha Mama, nimemlisha, ameniita mwizi na ameniita mama yake. Kazi ile ukiifanya peke yako inakukausha. Ningekuwa na mtu wa kuniandikia nyakati zile, hata wa kuniandikia upuuzi, ningempenda mpaka leo. Hasira yangu kubwa ilikuwa hiyo tu, kwamba hakuna aliyeuliza.

Haya. Akikuita bwana, itikia. Usishindane naye hata akisema Machi ni Krismasi. Kioo cha bafuni kifunike kwa taulo, kabla hajaanza kumwogopa mwanamke wa mle. Viatu vyake uviweke mahali pamoja. Na wewe ulale mchana anapolala yeye, paa halina shida yoyote, nakujua.

Jana nilimwambia Socorro anipeleke kwenye makuba ya kioo, yale yenye bustani ndani. Nilitaka lile la jangwa. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, vioo vimefunikwa nusu, ndani mwanga ni wa maziwa. Mipungate imesimama mirefu kama nguzo za kanisa. Kuna harufu ya vumbi lenye joto. Nilivua koti, nikavua sweta, nikakaa kwenye benchi, nikasema kimoyomoyo, hodi hapo kwenu. Nikawaona. Wewe uko nyuma ya mpungate unapika supu, kuna taa imewashwa, na mtu ameketi anavaa viatu vya kutokea. Nilikaa kwenu mpaka wakaja kufagia. Nilipotoka theluji ilikuwa inaanguka bila upepo, nikashangaa, nikasema, kumbe nimesafiri.

Uliikunja sehemu ya koti. Umefanya vizuri. Mwambie Marlene... Hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Leona


Milwaukee, 1 Machi

Wifi yangu Marlene,

Salamu nyingi, nyingi sana, na nyingine za kulipia zile ambazo hazikufika. Mimi ni Leona, dada wa yule bwana anayekupikia supu. Ukimwona msalimie, na ukitaka kumpa mbwa salamu zake mpe, lakini wewe wa kwanza.

Jana walifunga makumbusho. Nilikwenda. Mji mzima ulikuwa pale, foleni imezunguka jengo, watu wamebeba watoto mabegani. Unajua nilikuta nini kwa wawindaji wa nyati? Foleni nyingine, ya kitufe. Wazee wanaume kwa wanawake, kila mmoja anajifanya anafunga kamba ya kiatu ili apeleke mkono kwenye kona. Waliapishwa wote! Tukaangaliana tukaanza kucheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Na wewe ulidhani ni wako?" Nikamjibu, "Ni wangu. Wewe nimekuazima."

Zamu yangu ilipofika nilibonyeza mara moja kwa ajili ya Baba na mara moja kwa ajili ya Norbert. Kisha nikabonyeza kwa ajili yako, nikakiacha kidole hapo muda mrefu, nikausikiliza ule mlio kama mtu anayejifunza sala. Mwanamke aliyefuata akaguna. Nikamwambia, "Ngoja, nambebea wifi yangu."

Nimekuletea, Marlene. Nilirudi nyumbani nikachukua kopo tupu la pilipili. Nikatia mchele, ikawa mvua. Nikatia dengu, ikawa panya. Socorro alikaa kitini kama hakimu. Nilipotia punje za bisi peke yake akasema, "Huyo si nyoka, Mama Leona, hiyo ni kayamba ya harusi." Tukaendelea mpaka jiko likawa na nafaka kila pembe. Bisi kidogo na mchele kidogo, ukitikisa haraka kwa kifundo cha mkono, karibu na sakafu. Socorro alipandisha miguu juu ya kiti. Hapo nikajua ndiye.

Kopo liko ndani ya kifurushi hiki, limefungwa. Pembeni yake kuna mkate mweupe wa Krismasi niliokuwa nimeubakiza. Nimeumega kwa mkono wangu. Huo si wa Norbert, wala si wa mbwa.

Sasa fuata maneno yangu. Kaa mezani kwako, jikoni. Peleka mkono wa kushoto chini ya kona ya meza, karibu na goti lako. Hapohapo. Hakuna mtu aliyesimama mbele. Bonyeza.

Norbert, wewe unajua la kufanya.

Wifi yako,
Leona


Tucson, 15 Machi

Dada Leona,

Kifurushi kilifika Alhamisi. Nilingoja jioni. Alivaa viatu, nikamsomea barua yake yote, na nilipofika "wifi yangu" alinisimamisha nirudie. Nikarudia. Mkate aliula polepole, akampa Kluski kipande, mimi nikaambulia makombo.

Kisha akapeleka mkono chini ya kona ya meza. Mimi nilikuwa sakafuni nyuma ya kiti, na magoti yangu haya, kopo mkononi. Alibonyeza. Nikatikisa.

Hakushtuka. Alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kidole hakitoki. Mkono wangu ulianza kuuma, sikuthubutu kuacha. Mwishowe akatoa kidole, nikanyamaza. Akacheka, Leona, kile kicheko cha Sheboygan ulichokuwa unakiigiza jikoni kwa Mama.

"Kumbe yupo," akasema. "Wifi alikuwa amemziba, kwa lile koti lake la kijani."

Kisha akaniuliza koti lile bado unalo, maana lilikuwa zuri, na wewe utakuja lini. Alinikuta bado sakafuni. Alinisaidia kuinuka, akaniita Norbert. Asubuhi nilikuwa bwana tena, lakini usiku ule mzima nilikuwa na jina.

Chumba cha nyuma nimekitandika. Shuka ni safi, na kiti nimekiweka dirishani panapoonekana mpungate mmoja mrefu. Mgeni njoo, dada, mwenyeji apone.

Nimezitoa barua zako zote, hata ile niliyoikunja na sikumsomea, nikazipitia mstari kwa mstari. Hakuna mahali ulipotaja rangi ya koti.

Norbert